Beit al-Ajaib ya Sayyid Barghash: jumba tunalolililia sio lile alilolijenga (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu heshima zenu. Kila ikija mada ya Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani Barghash wa Zanzibar pale Mji Mkongwe, Unguja, lililoporomoka sehemu kubwa ya mbele 2020, naona watu wanagombana lirudishwe vipi, huyu anasema lirudi kama alivyolijenga Barghash, yule anasema lirudi vile vile lilivyokuwa kabla ya kuanguka, na wengi hawajui kuwa hayo ni majumba mawili tofauti. Lile lenye mnara wa saa katikati ya uso wake, la kwenye kalenda na postikadi zote, Barghash hakuliona hata siku moja. Yeye kafariki Machi 1888, mnara ukajengwa 1897. Sasa nimeona bora nianzishe uzi nieleze nyumba hii toka mwanzo, mwenyewe alikuwa nani, pesa zilitoka wapi, nini kilibadilishwa na nani kakibadilisha, ili tukibishana tubishane tunajua tunachobishania.

Tuanze na mwenye nyumba. Barghash ni mtoto wa Sayyid Said bin Sultan, yule aliyehamisha makao yake kutoka Muscat akaja Unguja. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Mwaka 1856 mzee akafia baharini akirudi kutoka Oman, meli ilikuwa imefika maeneo ya Shelisheli, na Barghash alikuwemo humo humo melini. Kiti kikaenda kwa kaka yake, Majid, na Barghash hakuridhika kabisa.

1859 akajaribu kumpindua. Waliomsaidia ni dada zake, bibi Khole na bibi Salme, na Salme wakati ule bado msichana mdogo lakini ndo alikuwa anaandika barua za siri za wale waasi maana alijifundisha kuandika mwenyewe, kitu ambacho watoto wa kike wa jumbani hawakuwa wanafundishwa. Nyumba aliyokuwemo Barghash mjini ikazingirwa na askari wa Majid, akatoka usiku kavaa nguo za kike kajichanganya na dada zake, akapita mbele ya walinzi, akakimbilia shamba la Marseilles huko ndani ya kisiwa. Majid akaomba msaada kwa Waingereza, maasi yakazimwa, Barghash akapakiwa melini akapelekwa uhamishoni Bombay. Alikaa huko miaka kama miwili hivi.

Hiyo Bombay msiipite haraka haraka. Mji wa Unguja aliouacha ulikuwa wa vichochoro na visima na nyumba za mawe na chokaa, wa biashara kubwa lakini wa mambo ya zamani. Bombay tayari ilikuwa na reli toka 1853, ilikuwa na majengo makubwa ya serikali na bandari ya kisasa ya wakati ule. Kijana kapelekwa kule kama adhabu, karudi na picha kichwani ya mji unavyotakiwa kuwa, na alipokuja kupata madaraka tunaiona picha ile ile inatoka kidogo kidogo. Ndivyo mimi ninavyomsoma.

Majid akafariki Oktoba 1870, Barghash akakaa kwenye kiti. Na hakuanza vizuri. Aprili 1872 kimbunga kikapiga Unguja, mikarafuu mingi sana ya kisiwa hiki ikang'oka, majahazi na meli zake zikavunjikia bandarini. Pemba iliponea na hapo ndo Pemba ikawa kisiwa cha karafuu hasa. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Waingereza wakamuwekea mkataba mezani, afunge soko la watumwa na azuie usafirishaji wa watumwa kwa bahari, akikataa wanaweka manowari wanaizuia bandari. Balozi John Kirk ndo alikuwa mtu wa kusukuma jambo hilo. Akasaini. Soko la Mkunazini likafungwa na kanisa la Kianglikana mnaloliona pale lilianza kujengwa mwaka huo huo, juu ya eneo lile lile la soko.

1875 akaalikwa Uingereza, akaonana na Malkia Victoria, akatembezwa viwandani na kwenye majumba. 1879 waya wa simu za maandishi (telegrafu) uliopita chini ya bahari ukafika Zanzibar, ukaunganisha kisiwa na Aden na dunia nzima. Akavuta maji safi ya chemchemi kutoka nje ya mji mpaka ndani ya mji, jambo lililookoa maisha ya watu wengi kuliko jumba lolote alilojenga maana kipindupindu kilikuwa kinafyeka watu mji huu. Hamamu za Hamamni zake, kasri la Marhubi lake, Chukwani yake. Jamaa alikuwa na ugonjwa wa kujenga na nasema hivyo kwa kumsifu.

Halafu 1883 ndo likasimama lenyewe.

Naendelea post inayofuata.

#2 Mleta uzi

Kiwanja kilikuwa na historia yake, inaelezwa kabla ya hapo ilikuwepo nyumba ya Mwana Fatuma, malkia wa Unguja wa karne ya 17, enzi za Wareno. Pembeni yake ni Ngome Kongwe, mbele ni bahari. Bustani ya Forodhani kama mnavyoijua haikuwepo bado.

Ili muelewe kwa nini jumba hili liliwashangaza watu lazima kwanza muelewe nyumba ya kawaida ya mawe ya mwambao inajengwaje. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, mnene. Juu inalazwa miti ya boriti, yaani mikoko, halafu juu ya boriti mawe na chokaa tena. Sasa boriti ina urefu wake, na ukilaza ndefu sana inapinda kwa uzito, ndo maana vyumba vya nyumba za Mji Mkongwe na Lamu na kote huko ni virefu lakini vyembamba, upana wake mara nyingi haufiki mita tatu au ndo hizo hizo. Ingieni nyumba yoyote ya zamani mpime kwa hatua, mtaona. Yaani upana wa chumba uliamuliwa na mti wa mkoko.

Barghash akalivunja hilo sharti. Akaleta chuma kutoka Ulaya. Nguzo ndefu za chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, zimezunguka jumba pande zote nne, zimebeba roshani pana kila ghorofa, ndani ukumbi mkubwa wa katikati uliofunikwa, ghorofa tatu zenye dari za juu sana. Sakafu za marumaru. Milango mikubwa ya kuchonga yenye aya za Qur'an. Mbele mizinga miwili ya shaba ya Kireno. Kuta bado ni mawe ya matumbawe na chokaa zile zile za mafundi wetu, kwaiyo ni jengo la mchanganyiko, mwili wa hapa na mifupa ya kuagizwa. Lilikuwa jengo refu kuliko yote mjini na mabaharia walikuwa wanaliona kutoka mbali kabla hawajatofautisha nyumba nyingine yoyote. Baadae ndo likasifika kwa umeme, la mwanzo Zanzibar kuwa nao, na lifti, ya mwanzo Afrika Mashariki.

Na halikusimama peke yake, hili watu wanalisahau kila siku. Kulikuwa na majumba matatu kwa mstari yanaangalia bahari. Beit al-Sahel ndo la zamani, kisha Beit al-Hukm katikati ambamo walikaa wanawake wa jumbani, halafu Beit al-Ajaib. Yaliunganishwa kwa madaraja ya juu yaliyofunikwa, mtu wa ndani anatoka nyumba hii kwenda ile bila kukanyaga barabara wala kuonekana na wapita njia. Na mbele ya Beit al-Ajaib, ufukweni kabisa, umesimama mnara wa taa wa kuongoza meli, peke yake, mbali na jumba. Uso wa jumba lenyewe ulikuwa wazi, roshani zinakwenda moja kwa moja kutoka kona hadi kona bila kitu katikati.

Hiyo ndo Beit al-Ajaib ya Barghash.

#3

Mkuu uzi mzuri sana, mimi wa bara huku nimefika Unguja nikaliona likiwa limezungushiwa mabati tu. Swali langu, umesema wanawake walikaa Beit al-Hukm, na ile Beit al-Sahel ndo la zamani, sasa hili alijenga la nini kama sio la kulala?

#4 Mleta uzi

Swali zuri mkuu. Lilikuwa jumba la heshima, la mapokezi na shughuli za dola. Mabalozi wanapokelewa humo, sikukuu barza inafanyika humo. Na ukiangalia mwaka utaelewa haraka ya kutaka jumba la namna ile. Miaka ya mwanzo ya 1880 Wazungu walikuwa wameshaanza kuigawa Afrika na Barghash alikuwa anadai kuwa bara, kutoka pwani mpaka maziwa makuu, bendera yake inaheshimika huko. Sultani anayetaka wageni wamchukulie kama mfalme mwenzao lazima awe na mahali pa kuwapokea panapofanana na madai yake. Sisemi alifanya maonyesho ya bure, nasema jumba lilikuwa sehemu ya kazi yake ya siasa.

Na haikumsaidia, hiyo ndo sehemu inayoniuma kila nikisoma. 1884 Carl Peters akapita bara akikusanya mikataba na machifu, Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaipa kampuni yake ulinzi, Barghash akapinga kwa maandishi. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikaja zikatia nanga mbele ya jumba, midomo ya mizinga inaangalia mjini. Jumba lina miaka miwili tu. Fikiria umesimama kwenye roshani ile ya juu uliyoijenga ili dunia ikuone, na dunia imekuja kweli, na mizinga. Akakubali.

Halafu kuna jambo la kifamilia ndani yake. Kwenye msafara ule ule wa Wajerumani alikuwemo Salme, dada yake aliyemuandikia barua za siri 1859. Salme alitoroka Zanzibar 1866 akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akabatizwa, akaitwa Emily Ruete, mume akafa, sasa karudi na watoto kudai urithi wake na kupatana na ndugu zake. Wajerumani walimleta kwa sababu aliwafaa kwenye mashinikizo yao. Barghash hakukubali kumuona. Na mimi simlaumu moja kwa moja wala simtetei, maana Salme aliyewahi kuhatarisha maisha kwa ajili yake kaja ndani ya meli ya watu wanaomnyang'anya nchi.

1886 Waingereza na Wajerumani wakakaa wenyewe wakamuachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi. Machi 1888 akafariki. Jumba alilitumia miaka mitano.

#5

Naomba niulize bila kukwaza mtu. Hizo karafuu zilizolipia marumaru na nguzo za Ulaya zilichumwa na nani? Tunaongea "mafanikio ya Barghash" wakati mashamba yote yale ni jasho la watumwa. Babu zetu wengine ndo walibeba hizo pembe za ndovu kutoka Tabora na Ujiji mpaka Bagamoyo. Mimi silililii hilo jumba.

#6 Mleta uzi

Ndugu hujakwaza mtu, umesema kweli na uzi bila hilo unakuwa nusu.

Pesa ya Barghash ilitoka sehemu tatu kubwa, karafuu, pembe za ndovu, na ushuru wa forodha ambao walikodishwa matajiri wa Kihindi wakusanye, maarufu wao ni Tharia Topan. Karafuu zilichumwa na watumwa. Pembe zilibebwa na wapagazi, wengine wa kulipwa wengine watumwa. Na mkataba wa 1873 ulizuia biashara ya watumwa kwa bahari na masoko, haukumuachia huru mtumwa aliyekuwa tayari shambani. Utumwa wenyewe Zanzibar uliondolewa kisheria 1897. Kwaiyo siku jumba linafunguliwa 1883 kulikuwa na maelfu ya watu juu ya kisiwa hiki hawana haki ya kuondoka kwenye shamba la bwana wao. Hilo liandikwe ukutani pale mlangoni jumba likifunguliwa tena, kwa herufi kubwa, na sio kwenye kibao kidogo cha pembeni.

Ila hapo kwenye kulilia tunatofautiana kidogo. Wale mafundi waliopanda na mawe ya matumbawe na kuchoma chokaa na kuchonga milango ile, majina yao hatuna hata moja. Kazi ya mikono yao ndo kitu pekee walichoacha. Jumba likiwa kifusi tunakuwa tumempoteza Barghash kidogo tu, yeye yumo kwenye vitabu na picha, lakini wao tumewapoteza kabisa.

#7

Asante mkuu. Sasa tuletee ya mabomu, watoto wa skuli wanafundishwa vita vya dakika 38 kama kichekesho.

#8 Mleta uzi

Ndo nafika huko, na hata mimi silipendi lile la kuvifanya kichekesho. Watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa upande wa Zanzibar ndani ya muda huo mdogo. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja.

Ilikuwa hivi. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultan Hamad bin Thuwaini akafariki ghafla. Wakati huo Zanzibar ishakuwa chini ya ulinzi wa Waingereza toka 1890, na wao walitaka Hamoud bin Muhammed ndo awe Sultani. Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia kwenye majumba na wafuasi wake wapatao 2,800, wengine askari wengine raia, akajitangaza. Akapewa mpaka saa tatu asubuhi tarehe 27 atoke. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili meli za Kiingereza zikafungua moto.

Walikuwa wanapiga majumba ya mawe na chokaa na mbao kwa mizinga ya kisasa kutoka umbali mfupi. Beit al-Hukm likaharibika kiasi cha kutofaa tena. Beit al-Sahel likaumia vibaya. Mnara wa taa pale ufukweni ukapigwa ukawa si mnara tena. Meli ya Glasgow, ambayo ni Barghash mwenyewe aliyeiagiza baada ya kimbunga kummalizia meli zake, ikazamishwa pale pale bandarini, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji mpaka 1912 walipokuja kuiondoa. Miaka 16 watu wa mji wanaamka wanaiona.

Beit al-Ajaib ndo lililosalimika zaidi. Likapata madhara madogo tu ukilinganisha na majirani zake.

Khalid akakimbilia ubalozi wa Ujerumani, wakamvusha mpaka Dar es Salaam, akakaa huko mpaka Waingereza walipomkamata 1916 wakamhamisha Saint Helena na Shelisheli, mwisho akaruhusiwa kukaa Mombasa akafia huko 1927.

Sasa angalieni kilichofanyika baada ya moshi kuondoka maana hapa ndo penye hoja yangu yote. Beit al-Hukm halikujengwa tena, eneo lake likawa bustani. Madaraja ya juu yakawa hayana pa kwenda. Mnara wa taa wa ufukweni haukurudishwa ufukweni, badala yake 1897 ukajengwa mnara mpya wa saa na ukabandikwa kwenye uso wa Beit al-Ajaib lenyewe, katikati, ukipasua roshani zile nilizosema zilikuwa zinakwenda bila kukatika. Sultani mpya, Hamoud, akaishi ghorofa ya juu. Jumba la mapokezi limekuwa nyumba ya kuishi, lilikuwa la tatu katika kundi sasa limesimama peke yake. Ukitazama picha ya 1890 na picha ya 1900 ni vitu viwili, hata kama kuta ni zile zile.

Hamoud alipoondoka duniani 1902 maisha ya jumba yakaanza kuelekea ofisini, kuanzia 1911 likawa la idara za serikali ya kikoloni. Baada ya mapinduzi ya 1964 likaingia mikononi mwa ASP (Afro-Shirazi Party, chama kilichoshika nchi), likatumika kwa shughuli za chama, skuli na makumbusho yake. Miaka ya 2000 likawa makumbusho ya historia na utamaduni, na katikati ya ule ukumbi mkubwa wakaweka mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, lililojengwa upya na mafundi 2003. Nani kati yenu aliwahi kusimama kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza akautazama mtepe ule kwa chini? Mimi nilikuwa nakwenda kwa ajili hiyo tu. Unaona mishono ya kamba ya nazi inavyopita kila ubao, na huku juu yako chuma cha Ulaya. Nilikuwa naweza kukaa hapo mpaka walinzi waanze kufunga madirisha.

#9

Mimi ni fundi, nafanya kazi za nyumba za zamani, naomba nichangie kwenye chanzo cha kuanguka. Watu wanasema jumba lilikuwa zee, si kweli, uzee hauangushi nyumba. Kuna msikiti na nyumba za matumbawe zina umri mara mbili na zimesimama. Tatizo la jengo la mchanganyiko kama hili ni chuma na bahari. Chuma kikipata unyevu wa chumvi kinapata kutu, kutu ikijazana inavimba, inasukuma zege au ukuta ulioizunguka, ukuta unapasuka, ufa unaingiza maji, maji yanaongeza kutu. Ukishaanza huo mzunguko hausimami wenyewe. Pili ni paa, paa likivuja ghorofa ya juu maji yanashuka ndani ya ukuta wa mawe na chokaa, chokaa inalainika, ukuta unakuwa mzito na dhaifu kwa wakati mmoja. Tatu wanakuja watu wanaziba nyufa kwa saruji. Ukuta wa chokaa unapumua, maji yanaingia yanatoka. Ukipaka saruji juu yake umeyafungia ndani. Kwa nje unaona ukuta mzuri umepigwa rangi, ndani umeoza.

#10 Mleta uzi

Fundi nakushukuru sana, hii post yako wakuu isomeni mara mbili.

Niongeze tu mwendo wa matukio. Mji Mkongwe umeingizwa urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000. Mwaka 2012 kipande cha roshani kikaanguka, jumba likafungwa kwa wageni. Ukarabati ukaja kuanza kwa msaada wa Oman. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Mungu awarehemu. Kila nikisikia mtu anasema "tumepoteza jengo" huwa nawakumbusha kuwa kuna familia mbili zilipoteza zaidi ya jengo.

Kati ya 2012 na 2020 ni miaka minane. Ufa unaonekana, roshani inaning'inia, maji yanaingia kila masika. Sina haja ya kumtaja mtu, ila nyumba ya chuma na chokaa pembeni ya bahari haivumilii miaka minane, fundi kashaeleza kwa nini.

#11

Kwa hoja yako basi mkuu, si ndo nafasi nzuri sasa? Mnara ulikuwa wa Waingereza, tena umewekwa baada ya kutupiga mabomu, umeanguka wenyewe. Warudishe uso wa Barghash wa 1883, roshani zipite moja kwa moja kama mwanzo. Kwa nini tuurudishe mnara wa mkoloni?

#12 Mleta uzi

Nilijua swali hili litakuja na nimelifikiria muda mrefu. Mimi nasema mnara urudi.

Kwanza Barghash alilitumia jumba bila mnara mpaka anafariki miaka mitano, na jumba limesimama na mnara zaidi ya miaka 120. Watu wote waliowahi kupanga miadi chini yake, walioingia humo kufanya kazi, waliosoma skuli humo, walioliona kwa mara ya mwanzo wakiwa kwenye boti kutoka Dar, wote wanalijua lenye mnara. Hiyo nayo ni historia, tena ni ya watu wengi zaidi kuliko ya Sultani mmoja.

Pili, mnara ule ni ushahidi. Ukiutoa, mtoto anayekuja baada ya miaka 50 anaona jumba safi la 1883, hakuna kinachomwambia kuwa Agosti 1896 kulitokea kitu hapa. Mnara uliohama kutoka ufukweni ukapanda kwenye uso wa jumba ndo kovu lenyewe. Ukifuta kovu umemfanyia nani hisani? Sio waliokufa siku ile.

Tatu, ukisema turudi 1883 huwezi kuishia kwenye mnara. Utajenga upya Beit al-Hukm? Utarudisha madaraja? Utang'oa bustani? Usipofanya hivyo unapata jumba ambalo halijawahi kuwepo wakati wowote, uso wa 1883 umesimama peke yake kama wa 1900. Hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko la kurudisha mnara.

Ninachotaka kiongezwe ni kuonyesha. Pale kwenye bustani msingi wa Beit al-Hukm uchorwe chini kwa mawe ili mtu ajue anatembea juu ya nini. Kipande cha ukuta kiachwe bila plasta ndani ya kioo mtu aone matumbawe na chokaa. Nguzo mbili tatu za chuma zilizovunjika ziwekwe chini watu waziguse waone kutu imezila vipi kutoka ndani. Na picha za zamani zitundikwe kwa mpangilio wa miaka.

#13

Mleta uzi mimi ntakupinga kwenye la tatu lakini heshima kwako. Uso wa 1883 hata ukiwa peke yake utatuonyesha kitu ambacho hakuna aliye hai aliyewahi kukiona. Mnara kila mtu anao kwenye simu yake.

#14 Mleta uzi

Hiyo hoja ina nguvu mkuu, sikatai, na ndo hoja bora niliyoisikia upande wenu. Bado nabaki pale pale kwa sababu ya kovu, lakini kama kungekuwa na mfano mkubwa wa mbao wa majumba yote matatu na madaraja yake na mnara wa taa ufukweni, umewekwa katikati ya ukumbi karibu na mtepe, nadhani mimi na wewe tungekutana hapo.

#15

Swali la mwisho kutoka kwangu. Babu yangu kaacha picha za zamani za Unguja, moja ni ya bahari na majumba lakini haina tarehe. Naijuaje ni ya kabla ya vita au baada?

#16 Mleta uzi

Hilo rahisi mkuu. Angalia vitu vitatu. Kama kuna mnara umesimama peke yake ufukweni na uso wa jumba refu uko wazi, ni kabla ya Agosti 1896. Kama mnara uko kwenye jumba lenyewe katikati ya roshani, ni 1897 kuja huku. Kama ufukweni hakuna mnara na kwenye jumba hakuna mnara, na pembeni yake unaona magofu au kiwanja cha kifusi, basi umeshika picha ya miezi ile michache katikati, na hiyo usiitoe ovyo, ipige skani vizuri pande zote mbili, mbele na nyuma, maana nyuma mara nyingi kuna maandishi ya studio. Halafu angalia majini, ukiona milingoti mitatu inachomoza bila meli chini yake hiyo ni Glasgow, kwaiyo picha haijavuka 1912. Iweke hapa tuione ukiweza.